Maji ya Miguu ya Baba

Baba yangu ni kinyozi, na kinyozi hakai. Kutwa anazunguka kiti cha kukalia wengine. Akirudi jioni huwa hasemezeki, mkali kama pilipili, mpaka mama amwekee beseni la maji ya moto. Akishatia miguu tu, sura inakunjuka, mwili unalegea, anaanza kumsimulia mama umbea wote wa wateja. Mama husema ameolewa na wanaume wawili, na anayempenda ni huyu wa kwenye beseni.

Mama ni dobi. Pasi na maji ya moto vimeifanya mikono yake sugu, hata sufuria jikoni anaiepua bila kitambaa. Kwa hiyo kupima maji hakujawahi kuwa kazi yake. Mpimaji ni baba, kwa kidole gumba cha mguu. "Bado," atasema, na mama ataongeza ya moto.

Mwaka huu hizo "bado" zilizidi. Mama alidhani mzee anadeka, akafurahi kumdekeza.

Jumapili moja niliwatembelea, nikamkuta baba amefumba macho, anacheka na mama, miguu imezama. Sabuni ilikuwa imemtumbukia majini. Nilitia mkono niiokote, nikauchomoa mbio kwa ukelele.

"Baba, toa miguu! Unaungua!"

"Una nini wewe? Maji yenyewe yameshapoa."

Nilimwinua miguu mwenyewe. Ngozi ya nyayo ilikuwa inaning'inia. Mama alijishika mdomo. Baba aliitazama ile miguu kama ya mtu mwingine.

Daktari alisema ni sukari. Ilikuwa imeua hisia za miguu polepole, bila kupiga hodi. Nilikasirika, na sikuwa na wa kumkasirikia. Mama hakuuliza kama mzee atasimama tena kazini. Aliuliza jambo moja tu.

"Na maji yake ya jioni, daktari?"

"Mpaka vidonda vipone. Na yawe ya uvuguvugu tu, yapimwe na mkono unaohisi."

Vidonda vilichelewa kupona. Baba alinyamaza kabisa, na mama akawa mpweke ndani ya nyumba yenye mume. Aliniambia, "Mwanangu, nammisi baba yako, na yuko hapo hapo sebuleni."

Juzi tuliruhusiwa. Nilipima maji mimi, kwa kiwiko. Baba aliegemea kiti, akafumba macho. Mama alimwinua miguu, akaitia taratibu, mmoja baada ya mwingine, kisha tukangoja.

"Mama," baba alisema, "mbona humimini maji?"

Yalikuwa yamemfika vifundoni. Nilifungua mdomo nimwambie, mama akanikata jicho. Alichota kikombe kutoka kwenye beseni lile lile, akakiinua juu, akamimina ili maji yasikike.

"Haya, namimina, mume wangu," alisema. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo, ingawa machozi yalikuwa yanadondokea mle mle ndani.

"Ahsante," baba alisema. "Ya moto vizuri."