Mto Uliopita Juu ya Mgongo

Mto ulipita juu ya mgongo wa kilima. Mchambuzi wa picha aliinua uso, akafuta lenzi kwa upindo wa koti lake, akainama tena. Bado ulipita juu. Maji hayapandi mlima, kwa hiyo kosa lilikuwa mezani.

Chini ya lenzi zile mbili kulikuwa na picha mbili za eneo moja, zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Jicho la kushoto hutazama moja, la kulia nyingine, na ardhi huinuka kana kwamba imefinyangwa. Desturi ya ofisi ilikuwa kuzipanga kwa namba: ndogo kushoto, kubwa kulia. Lakini ndege huenda na kurudi kama mtu anayelima matuta. Katika mstari wa kurudi namba hufuatana kinyume, na anayezipanga kwa mazoea huona bonde likiwa mgongo.

Alizibadilisha nafasi. Mgongo ukazama. Pakatokea bakuli lenye kingo kali, na chini yake udongo uliovimba hadi kwenye barabara ya mgodi: poromoko la zamani. Ripoti ya kwanza ilisema hapo ni mgongo imara. Kwa kuiamini, mgodi ulijenga juu yake nyumba ya kulala madereva. Mdogo wake wa kiume alikuwa mmoja wao.

"Ripoti ile niliiandika mimi," alisema mkuu wa ofisi alipokwisha kutazama. Vijana walimwita Rula, kwa jinsi alivyonyooka mwili na maneno. "Nitaifuta. Lakini picha ni za kabla ya nyumba. Meneja wa mgodi atauliza: poromoko limelala au linatembea? Hilo picha hazijui."

Mchambuzi alimpigia simu mdogo wake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nyuma ya nyumba yenu kuna ufa?"

"Hata hali hujaniuliza! Upo, wa mvua tu. Tunaujaza kokoto kila wiki."

"Kwa nini kila wiki?"

"Si zinazama."

"Msijaze tena. Pigilia kigingi kimoja juu ya ufa, kingine chini yake, ufunge kamba kati ya hivyo viwili, ikaze. Halafu hameni."

"Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nani alinifundisha?"

"Mimi. Huu hauzibiki."

"Tuhamie wapi, dada? Maisha yangu yote nimelala na watu kama dagaa. Leo nina chumba chenye mlango. Hadi pazia nimetundika."

"Lala kwenye lori."

"Huko ndiko nilikotoka. Nipe kitu cha kuwaonyesha wenzangu, siyo ndoto za darubini."

"Kamba ndiyo utakayowaonyesha."

Mvua ilinyesha mfululizo. Mchambuzi alichora ramani upya, akapaka eneo la nyumba rangi nyekundu, kisha kipande cha barabara kilichokuwa chini yake. Ujumbe wa kwanza ulikuja bila salamu: *Imekaza kama ya gitaa.* Wa pili ulikuja akiwa anakunywa chai iliyokwisha kupoa: *Imekatika. Nimefunga nyingine. Nayo imekatika.*

Alimpelekea mkuu wake ile simu. Rula aliisoma akiwa amesimama, akampigia meneja hapohapo.

"Linatembea," alisema. "Hapana, siyo labda. Ondoa watu, funga barabara. Kosa la kwanza ni langu, utaniandikia malalamiko baadaye."

Jioni mdogo wake alipiga kutoka ndani ya lori. Nyuma yake watu walikuwa wakicheka na kugombania blanketi.

"Tumetoka wote. Wananiita Kamba sasa. Wanasema dada yako katukosesha vitanda, na nyumba ile pale, imesimama tu."

"Pazia?"

"Nimeliacha."

"Usilirudie."

"Dada, hata pole?"

"Pole," alisema, naye alimaanisha.

Kisha aliimalizia ripoti mpya. Alieleza mpangilio wa picha, ufa, kokoto zilizozama na kamba mbili. Mwishoni aliandika kwamba wakati wa kuandika nyumba ilikuwa bado imesimama, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, na kwamba haikuwa na mtu ndani.