Malkia Asiye na Sababu

Tangu nirudi kutoka Italia, binti yangu Ruxandra alikuwa hajanialika mahali popote. Tuliishi nyumba moja kama wapangaji wenye adabu: yeye ananibakizia maji ya moto, mimi namwachia supu jikoni, na kila mtu anafunga mlango wake polepole. Kwa hiyo siku aliponiwekea kitabu kinene mezani na kusema, "Mama, Jumamosi tunakijadili kwenye kilabu pale maktaba, ukitaka njoo," moyo uliniruka kama wa msichana aliyeombwa kucheza muziki.

Kitabu kiliitwa Ngome ya Nta. Mji wetu mzima wa Bârlad, hapa Romania, ulikuwa unakisoma. Hata dada wa duka la dawa alikificha chini ya kaunta. Ruxandra alikuwa amekisoma mara nne.

Niliwahi kufundisha fasihi miaka kumi na mmoja, kabla sijaenda kubadilisha nepi za wazee wa watu. Kama kuna kitu ninachokijua duniani, ni kusahihisha. Binti yangu alinijua kama sauti ya kwenye simu, kisha kama mwanamke mwenye masanduku mawili aliyeingia na kukaa. Nikajiambia, safari hii ataniona nikifanya kazi yangu, labda atanikubali. Nikachukua kalamu nyekundu.

Na hapo ndipo nilipochanganyikiwa, kwa sababu kitabu kilikuwa kibovu. Simaanishi kibovu kidogo. Katika sura ya tatu Malkia Ilvana anamwacha mtoto wake wa miaka tisa kwa bibi yake, anapanda farasi, anasema atarudi theluji ikiyeyuka. Hakuna adui anayemfukuza, hakuna laana, hakuna ndoto, hakuna chochote. Anakwenda tu! Miaka kumi na miwili baadaye, sura ya thelathini na moja, anarudi, anakaa mezani na kuomba chumvi. Na mtoto anampa. Nilirudi nyuma, nikaenda mbele, nikahesabu kurasa nikidhani kiwanda cha uchapaji kimeruka chache.

"Mwanangu," nilimuuliza Ruxandra, "nakala hii haijadondosha kurasa?"

"Hapana, Mama. Zote zipo."

"Sasa sababu iko wapi?"

"Sababu ya nini?"

"Ya malkia kuondoka!"

Aligeuka kusuuza kikombe ambacho tayari kilikuwa safi. "Swali hilo lilete Jumamosi," alisema.

Sikuelewa kwa nini msichana mwenye akili zake asome upuuzi ule mara nne.

Kilabu kilikuwa na vijana wanane kwenye chumba cha nyuma cha maktaba, wamezunguka meza yenye chai na mikate ya pete yenye ufuta. Kiongozi wao, Doru, fundi wa meno bandia mwenye fulana ya joka, alinivutia kiti.

"Karibu, Mwalimu! Leo tumepata mtaalamu, jamani. Kaeni vizuri msije mkafelishwa."

"Nimeshafelisha," nilisema, nikatandaza karatasi zangu tatu. "Nimekipa nne kati ya kumi, na moja kati ya hizo ni ile ya bure anayopewa kila mtahiniwa."

Wakacheka. Nikaona nimeanza vizuri, nikaingia kazini. Nikawaambia ngome ile inasemekana huyeyuka mtu akisema uongo ndani yake. Haya, ukurasa wa mia na arobaini watu sita wanadanganya kwa zamu, na hakuna hata tone la nta linalodondoka. Joka naye anakufa mara mbili.

"Yule wa pili ni pacha wake!" Doru akateta.

"Pacha katajwa ukurasa gani?"

"Mwandishi alieleza kwenye tovuti yake."

"Basi na alama akazichukue kwenye tovuti yake."

Chumba kikaangua kicheko. Ruxandra pia alicheka, mkono mdomoni, vile alivyokuwa akicheka utotoni. Kicheko kile kilinilevya. Ningepaswa kuishia pale, lakini mwalimu akishapata darasa linalocheka hajui kunyamaza.

"Sasa tuje kwa malkia," nilisema. "Wahusika bapa nimewaona wengi, lakini huyu mama ni karatasi. Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, binti ana miaka kumi na minne. Malkia anamtumia zawadi kwa tai, viatu vya dhahabu. Na viatu vyenyewe ni vya mtoto wa miaka tisa! Mwandishi kasahau kwamba watoto wanakua! Hata mwanafunzi wa darasa la saba hafanyi kosa la namna hii."

Nilicheka. Nikagundua nacheka peke yangu.

Msichana mmoja mwenye nywele fupi, Anemona, alifunga kitabu chake taratibu. "Kwangu lilikuwa koti," alisema. "La waridi, lenye masikio ya sungura kwenye kofia. Nilikuwa darasa la kumi."

"Kwetu sweta," akasema jitu moja la kijana lililokaa karibu na dirisha. "Mzee wangu alikuwa kazini Hispania. Mpaka leo sweta zipo, hazimwingii hata paka."

Wengine wawili walitikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa nafunua kurasa mbio mbio, natafuta hilo koti liko sura gani. Wallahi, nilidhani wanazungumzia kitabu.

"Kwangu vilikuwa viatu, Mama," akasema Ruxandra.

Alisema bila hasira, kama mtu anayemwonyesha mwenzake ukurasa. "Namba thelathini na tatu. Ile gari nyeupe ya mizigo kutoka Italia ikifika Jumapili pale sokoni, najipanga na wenzangu, dereva ananipa boksi ulilotuma. Kahawa, sabuni ya unga, chokoleti, na viatu namba thelathini na tatu. Mimi navaa thelathini na nane. Bibi aliwapa watoto wa jirani. Mwaka unaofuata, tena. Na mwaka mwingine."

Doru alinyanyuka na birika. "Jamani, tuongeze chai kidogo, eh?"

"Subiri, Doru. Mama ana hoja," akasema Ruxandra. "Sababu haimo. Nimesoma mara nne naitafuta. Wewe ndiye mwalimu, Mama. Hiyo sura iliyokosekana, ungeandika nini?"

Hapo nikaelewa nimealikwa kufanya nini. Na nikaelewa kwamba nikijibu vibaya, sitaalikwa tena.

Jibu la kwanza nilikuwa nalo tayari, nimelitumia miaka mingi, nikalitoa. Mshahara wa ualimu haukutosha hata kuni za kupitisha baridi. Paa lilikuwa linavuja. Dawa za bibi yako.

"Hiyo ni sura ya tatu, ya kuondoka," alisema. "Paa lilitengenezwa mwaka wa pili, Mama. Wewe umekaa kumi na minne."

Alisema kweli. Ningekuwa nasahihisha, ningeandika pembeni: haitoshi.

Nikatafuta kichwani, nisione kitu kilichonyooka. Nilisema nilivyoweza. Kwamba yule bibi niliyekuwa nikimtunza Forlì, kule Italia, alipokufa nilikuwa nirudi, nimeshafunga masanduku, nikapigiwa simu kuhusu bibi mwingine nikakubali kabla hawajamaliza kuuliza. Kwamba nilikuwa na chumba chenye mlango, na nikifunga, hakuna aliyeniita mpaka asubuhi. Kwamba nilikuwa nalia humo, na bado nilikipenda. "Sijui kama hiyo ni sababu," nilisema. "Mimi mwenyewe sijui."

"Na viatu?" Anemona akauliza, kwa sauti ndogo. "Ulisahau tu kwamba anakua?"

Mlango wa kutokea ulikuwa huo, umefunguliwa na mtoto wa mtu kwa huruma. Ningesema ndiyo, nilisahau, kazi zilikuwa nyingi. Lakini nilikuwa nimechoka.

"Sikusahau. Bibi yake alinitajia namba kila mwaka. Thelathini na tano, thelathini na saba, thelathini na nane. Nilikuwa naandika kwenye kikaratasi, naingia nacho dukani." Nikamgeukia binti yangu. "Nikivishika vile vikubwa, mkono unakataa. Sikumjua mtu wa kuvivaa. Yule wa thelathini na tatu nilimjua. Ningenunua vikubwa, ningekuwa nimekiri kwamba yule kaondoka na mimi sikuwepo."

Ruxandra alikiweka kikombe chake chini.

"Ulikuwa unajua," alisema.

"Nilikuwa najua."

"Miaka yote nilidhani umesahau. Kusahau nilishakusamehe, Mama. Zamani."

Alisimama, nikajua anaondoka, na nikajua ni mimi nimemfukuza kwa kusema ukweli, na sikuelewa nilipaswa kufanya nini badala yake. Alichukua koti lake kwenye kiti. Akalishika hivyo, bila kulivaa. Lile jitu la kijana likamsogezea kiti nyuma ya magoti, karibu yangu, na Ruxandra akaketi, koti likiwa mapajani.

"Endelea," alisema, bila kunitazama. "Mwaka wa tatu. Anza hapo, na usiruke."

Nikaanza na mwaka wa tatu.