Lundo la Stoo ya Nguo

Binti yangu ni mfamasia, na watu wa dawa wana ugonjwa mmoja: wakikuona umezeeka, wanataka ukae. Nilipoteleza kwenye ngazi za hospitali nikavimba kifundo cha mguu, alipata sababu aliyokuwa akiitafuta miaka mitatu.

"Mama, basi. Umeshona vya kutosha. Sasa pumzika."

"Nikipumzika nani atatia viraka mashuka?"

"Hospitali haitakufa."

Hakujua kwamba sikuwa na wasiwasi na hospitali.

Tangu nifunge duka langu la ushonaji, kwa miaka tisa nilikuwa nikijitolea pale asubuhi tatu kila wiki. Stoo ya nguo ina dirisha moja, meza ndefu, vyerehani viwili na lundo la mashuka na magauni ya wagonjwa lisilokwisha. Mimi hutumia mkono wa kushoto, kwa hiyo mishono yangu hulala upande usio wa watu wengine. Kila nguo niliyoimaliza niliitia alama ndani ya upindo, vishono vitatu vya uzi wa kijani, ili dobi ajue imekaguliwa. Msimamizi wa stoo tunamwita Funguo, maana bunda la funguo halibanduki shingoni mwake. Alikuwa akisema ningeweza kumshonea hata shetani gauni na likamkaa. Nilikuwa na miaka sabini na nne, na ngazi zile nilizipanda nikiimba.

Basi nikakaa. Wiki ya pili magoti yalikaza. Ya nne, vidole vilikataa vifungo vya gauni langu mwenyewe, na nikamwita binti yangu kwa jina la dada yangu aliyekufa zamani. Na kila siku, saa nne asubuhi, usingizi ulinichukua hapo hapo kitini. Ulikuwa usingizi usio na ndoto, na nikiamka sikuwa na nguvu ya kushika hata kikombe.

Siku moja Funguo akapiga simu.

"Bibi, tumekukosea nini? Unaingia, unashona, unaondoka bila hata salamu. Na huo ufunguo umeutoa wapi?"

"Nashona nini? Sijatoka nje mwezi mzima."

Akacheka. "Acha utani wako. Nimekuona kwenye kioo cha mlango, umenipa mgongo, kitambaa chako cha kijivu kichwani. Nikifungua, hupo, lakini lundo limepungua. Vishono vya kijani, vimelala kushoto. Ni nani mwingine huyo?"

Nikatazama mapajani. Palikuwa na vipande viwili vya uzi wa kijani. Kwenye kidole gumba cha kulia, kile ninachoshikilia kitambaa, palikuwa na tone la damu pale sindano ilipochoma. Katika nyumba ile hapakuwa na sindano. Binti yangu alizifungia zote kabatini zisije zikanidhuru. Niliogopa, siwadanganyi. Nikaelewa kwamba kila nilipolala kuna sehemu yangu iliyokwenda kazini, na kila iliporudi, ilirudi pungufu. Siku moja ingeona haina haja ya kurudi.

Nilimweleza binti yangu jioni. Akaniongezea kidonge.

Kesho yake aliniacha nimelala kitini, akaenda kumkaripia Funguo kwa kumtia mama yake hofu. Alichokiona alinisimulia baadaye. Aliniona mimi. Nilikuwa ndani ya stoo, nyuma ya kioo, nimeinamia shuka. Alisukuma mlango, umefungwa. Akagonga kioo, akaita, "Mama!" Yule mwanamke hakugeuka. Aliinua tu mkono wa kushoto, kidole kimoja juu, kama nilivyokuwa nikimfanyia tangu akiwa mdogo akija kunisumbua kazini: ngoja nifunge fundo.

Akakimbia nyumbani. Alinikuta mikono imepoa, napumua kwa mbali. Aliniita, akanitingisha, akaninyunyizia maji usoni. Mfamasia mzima, na hakuwa na dawa. Akanibeba mgongoni mpaka kwenye teksi, na dereva anasema binti yangu aliniomba radhi njia nzima. Tulipofika hospitali alipita mlango wa wagonjwa wa dharura bila hata kuutazama.

Nilifumbua macho mbele ya stoo, Funguo akihangaika na kufuli. Mlango ukafunguka. Safari hii yule mwanamke hakutoweka.

Funguo na binti yangu hawakumwona tena. Mimi nilimwona, amekalia kiti changu, mgongo wima, vidole vyepesi. Akanigeukia. Hakuwa na chuki yoyote usoni, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Hakunihitaji tena. Lundo lingeshonwa vizuri tu bila huu mwili wangu wenye magoti mabovu.

Nikakusanya pumzi zote nilizobakiwa nazo. "Nipishe," nikamwambia. "Sijamaliza."

Cherehani kikanyamaza. Akakata uzi kwa meno, kama nifanyavyo mimi, akanyanyuka, akaenda kukaa kwenye kiti cha pili, karibu na dirisha.

Binti yangu akaniketisha. Kiti kilikuwa na joto. Nilishika sindano, vidole viliuma, kisha vikakumbuka. Kufikia saa sita nilikuwa nimetia viraka mashuka mawili, kazi ya ovyo kabisa, na nikamwita binti yangu kwa jina lake. Alilia kwa sauti mpaka Funguo akamfokea asilowanishe nguo safi.

Sasa ni mwaka. Ngazi nazipanda polepole, nimeshika ukuta, na siimbi mpaka nifike juu. Binti yangu huja mchana kunichukua, na akingoja hukunja foronya, vibaya. Hupenda sana kile kiti cha dirishani. Namwambia akae kwingine.

"Kina mtu?" hunitania.

"Kina mtu."

Anadhani yule aliondoka siku ile, na kwamba haya ni uzee. Lakini yule yupo, ametulia, mikono mapajani, analitazama lundo. Najua anangoja nini, na siku ikifika nitampisha bila ugomvi. Mara nyingine, nikichoka na kope zikiwa nzito, naona ameanza kunyanyuka.

Hapo humwinulia kidole kimoja, naye huketi tena.