Mguu wa Vijiko

Kinyozi alikuwa na jina alilopewa na wazazi wake, lakini mtaani hakuna aliyelitumia. Walimwita Vijiko. Muuza chai aliposimama mlangoni mwa kibanda chake asubuhi na kumwuliza atie vijiko vingapi vya sukari, yeye alijibu, "We endelea tu, nitakuambia." Na hakuwa na haraka ya kumwambia.

Alikuwa mtu wa maneno mengi na mkono mwepesi. Alishinda kutwa nzima nyuma ya kiti chake kimoja cha kuzunguka, mashine ikivuma, redio ikijisemea kwenye kona, na chupa ya soda imesimama kando ya chupa ya spiriti. Maji, alisema, ni ya kuogea. Wateja waliomzoea walimjia na soda mkononi kama wengine wanavyokuja na salamu. Mkewe, ambaye alikuwa akisafisha ofisi za watu, alimpitia jioni akitoka kazini, na akiziona chupa tupu chini ya meza alimwambia, "Baba watoto, ipo siku utaota sukari masikioni."

"Basi utanilamba," alimjibu, na mteja aliyekuwa kitini akatikisika kwa kicheko mpaka ikabidi mashine izimwe.

Kiu ndiyo iliyotangulia. Vijiko akaanza kunywa hata maji, akiyagugumia kama aliyetoka jangwani. Kisha akawa anamwacha mteja na kichwa nusu na kukimbilia chooni. Akakonda, suruali zikawa zinamning'inia, naye akasema ujana unamrudia. Siku moja mkewe alikuwa anasugua choo cha uani akaona sisimizi wamejaa kwenye ukingo, mahali ambapo hawakuwa na kazi yoyote. Akawamwagia maji. Kesho yake wakarudi, tena kwa wingi. Hapo akamwambia mumewe avae shati la kutokea, wanakwenda hospitali, na hakumwuliza anaonaje.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alitazama majibu, akayatazama tena.

"Mzee, una kisukari, na si cha juzi. Nani mwingine kwenu anacho?"

"Hakuna. Mama yangu tu alikufa akiwa haoni. Tulisema ni uzee."

Daktari aliyaweka majibu mezani. Akamweleza kwamba soda na chai yake havikufanya kazi hiyo peke yake, urithi nao umo, lakini kila siku vilikuwa vinaongeza mzigo kwenye mwili ambao tayari ulikuwa umeshindwa kuubeba. Sukari ikikaa kwenye damu muda mrefu, alisema, huharibu mishipa taratibu, na mtu hasikii kitu. Macho, figo, miguu. "Na hutapata onyo la maumivu. Hilo ndilo baya lake."

Vijiko alirudi nyumbani amenywea. Kwa miezi kadhaa alikula alichopewa, akameza vidonge, akanywa chai chungu huku amekunja uso. Sukari ikashuka. Nguvu zikamrudia, na nguvu ndizo zilizomponza. Aliona amepona, na mtu mzima wa afya anameza dawa za nini? Vidonge akawa anavitema akifika kibandani. Soda akaimimina kwenye kikombe cha bati ili isijulikane. Mkewe alijua. Alimnusa. Waligombana, wakanuniana, wakapatana, wakagombana tena, mpaka mama wa watu akachoka kuwa askari wa mume wake.

Mguu wa kulia ukaanza kufa ganzi. "Ni kama nimevaa soksi," alisema, hali yuko peku. Alichekesha nalo wateja.

Alasiri moja kioo cha mkononi kilimponyoka kikavunjika. Alifagia, akaendelea kunyoa. Mkewe alipopita jioni aliona alama nyeusi sakafuni zikizunguka kiti, duara juu ya duara, kama mtu aliyekanyaga rangi.

"Umekanyaga nini?"

"Wapi?"

Alimkalisha kwenye kiti cha wateja, akapiga magoti na kumvua ndala. Kipande cha kioo kilikuwa kimepenya soli na kuzama kwenye nyama ya unyayo. Alikivuta kwa vidole viwili. Vijiko hakujikunja. Alikuwa anautazama uso wa mkewe, akingoja kujua kutoka kwake kama inauma.

Hospitali hakutaka kwenda, kwa kuwa alijua wataulizia vidonge. Akawa anasafisha kidonda mwenyewe kwa spiriti ya kazini, akakifunga kitambaa safi, na mkewe akiuliza anasema kinakauka. Kilikuwa hakikauki. Siku moja mwalimu wa shule ya jirani, mteja wake wa miaka mingi, aliinua pua kabla hajavishwa shuka.

"Fundi, humu kuna panya amekufa."

"Hata mimi nahisi," alisema Vijiko.

Wakamtafuta panya. Wakasogeza kabati, wakainua mkeka, mwalimu akainama na kumulika chini ya meza kwa simu. Vijiko naye akamulika, akapekua nyuma ya redio, akasema labda yuko darini. Alimnyoa mwalimu mlango ukiwa wazi, akamwaga kwaheri, kisha akafunga na kukaa kwenye kile kiti peke yake. Ndipo akampigia simu binti yake, dereva wa teksi. Alimwambia tu, "Njoo unichukue. Mama yako usimwambie kwanza."

Walimkata chini ya goti. Alipozinduka aliomba shuka lisifunuliwe. Akamshika mkewe mkono, akasema, "Huu uliobaki usiwape. Hata nikiwa nakufa. Niahidi."

"Nakuahidi," alisema mkewe, kama mtu anavyomwambia mgonjwa.

Alijaribu kurudi kazini. Akawa ananyoa akiwa juu ya stuli ndefu, mteja ndiye anayezungushwa. Lakini macho nayo yalikuwa yameingiwa na ukungu. Alipimwa, akaambiwa kule nyuma ya jicho kumeharibika na kilichopotea hakirudi. Hakumwambia mtu. Akakata sikio la mwalimu. Damu ilitiririka mpaka kwenye kola, na mwalimu akabana kitambaa, akasema si kitu fundi, hata mimi nilisogea. Hakuonekana tena. Wengine wakafuata mmoja mmoja, kila mmoja na udhuru wake wa adabu. Laiti mmoja angemtukana, Vijiko angepata la kujibu.

Kibanda wakakirudisha kwa mwenyewe. Nyumbani alikaa kwenye kochi linalotazama ukuta. Utani ulimwisha mdomoni. Kila jioni mkewe alileta beseni, akamwosha mguu wa kushoto, akaupangusa katikati ya vidole kama daktari alivyomfundisha, na kila jioni Vijiko aliuliza, "Uko salama?"

"Uko salama."

Jioni moja, alipotenganisha kidole cha mwisho na jirani yake, aliona doa jeusi. Alilibonyeza. Lilibonyea kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na mumewe hakushtuka.

"Uko salama?"

"Uko salama," alisema. Akamwaga maji uani, akasimama pale na beseni tupu, kisha akampigia binti yao. "Kesho njoo na gari. Mapema."

Asubuhi Vijiko alisikia injini ikizimwa nje. Aligeuza kichwa kule alikodhani mkewe amesimama.

"Uliniahidi."

"Nilikuahidi."

Hakugombana. Alijiachia, wakambeba kama gunia. Safari hii walikata juu ya goti. Aliporudi nyumbani alikuwa haoni hata mwanga wa dirisha. Daktari akawaeleza kuhusu figo kwa upole uleule, na binti akatoka nje kabla hajamaliza.

Vijiko aliongea na binti yake. Aliongea na majirani, wawili watatu waliokuja. Mkewe hakuambiwa neno. Akilishwa alifungua mdomo, akigeuzwa aligeuka. Mwanamke yule aliacha kazi ya ofisi ili akae naye, na nyumba nzima ikawa na sauti ya kijiko kinachogonga sahani.

Binti alivumilia mpaka akashindwa. "Baba, mama alikuokoa," alimwambia siku moja. "Usingekuwa hapa."

"Najua," alisema Vijiko. "Nani alimwomba?"

Mkewe alikuwa mlangoni na beseni la maji ya uvuguvugu. Alisikia kila neno. Aliingia, akaweka beseni chini, akamwinamisha mumewe mbele taratibu, akaanza kumwosha mgongo.