Makombo ya Ghorofa ya Juu

Saa ya chakula ilipofika, Mkurugenzi wa kituo cha utafiti wa bahari alimega mkate ghorofa ya juu, na makombo yakaanza kuanguka ghorofa ya chini. Yalipenya zege, yakawapitia watafiti wa ghorofa ya kati, yakaongezewa maganda ya karanga na matone ya kahawa, yakatua taratibu kichwani kwa mwosha vyupa aliyeitwa Kimya.

Kimya alijipangusa, akaendelea kusugua. Vyupa vilikuwa vya vijikamba, viumbe wa bahari wadogo kuliko punje ya mchele.

"Leo wamekula samaki," alisema Fundi Pampu, akichomoa mwiba ndevuni. "Na hata kutafuna hawajui."

Tangu sahani ya chakula cha mchana ya wafanyakazi wa chini iondolewe, Kimya alikuwa akinyonyesha kwa nguvu za maji ya bomba. Maziwa yalikuwa yakikauka. Mtoto, aliyeachwa kwa bibi yake, alilia mpaka majirani wakazoea. Basi Kimya, pamoja na haya zake zote, akapanda ngazi, akabisha hodi.

"Shikamoo, mzee. Tunaomba sahani yetu irudi."

"Marahaba, binti."

Mkurugenzi hakumkaripia, alipenda kufundisha. Alimwonyesha mchoro ukutani. Vijikamba vya juu, penye jua, hula mwani mbichi. Vya katikati hupanda giza likiingia, vikadokoa, vikarudi chini kabla hakujapambazuka. Vya kilindini hula kinachodondoka: mizoga, mabaki na mavi ya walio juu.

"Umewahi kusikia kijikamba cha kilindini kikidai sahani?"

"Hapana, mzee."

"Basi! Bahari ina akili kutushinda."

Mtafiti mmoja aliyekuwa akisikiliza aliuliza kama sakafu izibwe. Wenzake walimwona mshamba.

Hata hivyo Mkurugenzi alikuwa na huruma, hasa ile isiyogharimu. Alimpa Kimya mwavuli wa kituo, asichafuke.

Kesho yake mchana, Fundi Pampu alimkuta Kimya amekodolea dari macho.

"Unaogopa mavi?" alimuuliza, maana alikwisha kusimuliwa habari za mchoro. "Ondoa shaka, dada. Hayo wao huyatolea mdomoni."

Makombo yalipoanza, Kimya aliufungua mwavuli, akaupindua, akaushika mpini ukiwa juu. Ukajaa wali, ngozi za kuku na kahawa. Walikula wote wawili, wakausuuza pamoja na vyupa.

Mkurugenzi alishuka na wageni, akaunyooshea mwavuli kidole. "Mnaona? Wameshazoea." Wageni walipiga makofi. Sahani haikurudi.

Jioni maziwa yalitoka tele, yakinukia kahawa. Mtoto alinyonya, akashiba, akabaki macho makavu.

"Mkamwana, mbona huyu halali?" aliuliza mama mkwe.

"Ni kahawa ya wakubwa, mama."

Mama mkwe alimpakata mjukuu, akamnusa kinywa.

"Mshukuru Mungu hawanywi pombe."

"Pombe ni Ijumaa, mama," alisema Kimya, akatandika kitanda.