Wiki ya Bastola ya Mbao

Vijana wawili waliingia katika kibanda cha ushonaji cha Placide, pale Jeppestown, saa saba mchana kweupe, wakamwonyesha bastola, wakaondoka na simu yake pamoja na suti sita za wasimamizi wa harusi. Simu ilimuuma. Suti zilimtia wazimu. Placide ni mhamiaji kutoka Bukavu, na tangu aanze kazi hakuna suti yake iliyovaliwa na mtu ambaye hakupimwa. Alipowaza koti alilokata kwa ajili ya shemeji mnene wa bwana harusi likining'inia juu ya mwizi mwembamba, chakula kilimshinda. Siku ya tatu akatangaza nyumbani kwamba naye atabeba bastola: ndogo, ya kuaminika, isiyoonekana.

Karatasi za ukazi wa kudumu alikuwa amezipata mwaka uliotangulia, 2016, kwa hiyo sheria haikumzuia kuomba. Akasomea sheria za silaha, akafanya mtihani, akafunga sefu ukutani chumbani kwa misumari mirefu kama vidole. Kisha akaenda dukani kuchagua, na alikwenda na futi yake ya kitambaa shingoni.

Muuzaji alikuwa mzee mwenye ndevu nyekundu, na nadhani hajasahau siku ile mpaka leo. Placide alizipima bastola zake moja moja, urefu, kimo na unene, akiandika kwenye kadi kama anavyoandika kifua na kiuno cha mteja. Moyo wake ukaangukia moja ndogo, bapa, inayong'aa.

"Hii italala mfukoni kama pochi," akasema.

"Twende nyuma ukaipige," mzee akajibu.

Kwenye uwanja wa shabaha, ile ndogo ilimrusha kiganja mpaka akasikia maumivu kwenye kiwiko. Risasi ya tatu ikakwama. Mzee akaikwamua bila kushangaa.

"Ndogo sana ni rahisi kubeba na ngumu kupiga," akasema. "Usichague kwa ajili ya mfuko, bwana. Chagua inayofyatuka kila unapoiomba."

Akampa nyingine, nyeusi, nene kidogo, sura haina. Placide akapiga raundi hamsini, na haikukohoa hata mara moja. Alinuna, maana alikuwa anaipeleka nyumbani sura mbaya kwa hiari yake, lakini akakubali. Mfuko unarekebishika, na mrekebishaji ni yeye. Bastola ikabaki dukani kungoja leseni.

Wiki hiyo akajishonea koti la buluu ambalo mpaka leo mafundi wenzake wanalitaja. Ndani ya kifua cha kushoto aliweka mfuko wa turubai laini, na upande wa kulia akashonea vile vyuma vidogo vya kutia uzito kwenye pindo za mapazia, ili koti lisiinamie upande mmoja. Ungemzunguka mara kumi usione kitu.

Kilichobaki kilikuwa mkewe, Jeannine. Nchi hii ina utaratibu ambao wanaume wengi hawaupendi: kabla ya kukupa cheti cha kumiliki silaha, polisi humwita mkeo na kumuuliza kama unafaa.

Jeannine ni msusi wa mtaa wa Hillbrow, mwenye vidole vyepesi na ulimi mzito. Hasemi sana, ila akisema umesikia.

"Papa Héritière," alimwambia usiku mmoja, akimtaja kwa jina la binti yao kama kawaida, "mie nilikimbia bunduki tangu Bukavu mpaka hapa. Sasa unaniletea mu nyumba?"

"Iko na sefu yake, Mama Héritière. Wezi walinikuta mikono mitupu."

"Na Damien?"

Damien alikuwa kaka yake Jeannine. Hakuuawa na mwasi wala mwizi. Aliuawa na rafiki yake wa damu, kwenye kiti cha baa, rafiki aliyekuwa anapekua mfuko akitafuta kiberiti, bastola iliyokuwa humo ikafyatuka. Jeannine alimchukia yule rafiki miaka miwili, kisha akaona kumchukia hakumrudishi Damien, akabaki kuichukia ile bunduki peke yake.

"Polisi bataniuliza mie," akaendelea. "Basi chonga moja ya mbao. Ibebe siku saba sawa vile iko na risasi ndani. Hakuna mutu ataiona. Hakuna mkono mwingine utaigusa. Ukiweza, nitasema ndiyo, na sitakusumbua tena."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Placide akachonga, akaipaka rangi nyeusi, akaijaza vyuma vya pazia mpaka ikafikia uzito sawasawa.

Siku za kwanza alikuwa kichekesho. Jumapili kanisani, kiongozi wa kwaya, Papa Lambert, ambaye akikukumbatia mbavu zinasali zenyewe, alimfuata mikono wazi. Placide akageuka ubavu, akampa bega moja kama bi harusi mwenye haya. Kwenye teksi alikaa dirishani, kifua amekigeuzia kioo. Akipiga magoti kupima mguu wa suruali ya mteja, mbao ilimchoma ubavuni, naye anatabasamu. Kila jioni Jeannine alimuuliza, "Hakuna mkono?" Naye akajibu, "Hakuna mkono," kwa fahari ya mtoto aliyemaliza uji.

Alhamisi akaja Pitchou.

Pitchou analinda mlango wa benki siku tano, na siku mbili zilizobaki anavaa kitanashati ili aonekane. Alipoliona lile koti la buluu alisimama mlangoni kama aliyepigwa na umeme.

"Papa Placide! Veste gani hii? Nipe nijaribu."

Sasa, fundi akiambiwa hivyo hufanya nini? Hufanya alichofanya miaka ishirini. Koti la fundi ni tangazo lake. Placide alilivua huku anazungumzia ukosi, akamvisha Pitchou, akamnyoosha mabega, akatia pini mbili mgongoni. Mazoea yana taabu. Pitchou akatoka nje kujitazama kwenye kioo cha gari, akageuka kulia, akageuka kushoto, akatia mkono ndani ya kifua kama wafanyavyo wakubwa kwenye picha.

"Eish! Papa, na mbao munaweka ndani siku hizi?"

Akaichomoa. Akamlenga muuza machungwa. Akaulenga mgongo wa mama aliyekuwa anavuka barabara. Kisha akamlenga Placide katikati ya paji la uso, anacheka meno yote nje. "Pa! Pa!"

Placide hakucheka. Aliketi juu ya marobota ya kitambaa, na kitu alichokiona pale hakikuwa Pitchou, kilikuwa kiti cha baa cha Bukavu. Aliogopa kuliko siku ya wezi. Pitchou akarudisha koti, akaagiza lake, akaenda zake, hana habari.

Jioni ile Jeannine aliuliza, "Hakuna mkono?"

"Hakuna," akasema Placide.

Ijumaa akasema vilevile. Jumamosi, siku ya saba, Jeannine alipika sombe ya majani ya muhogo na samaki, akamwekea kipande cha kichwa, akasema amekuwa akimtazama wiki nzima jinsi anavyotembea, na sasa moyo wake umetulia. Placide alikula samaki wote bila kujua ladha yake.

Jumatatu wakaitwa kituoni. Ofisa alikuwa mama mmoja mwenye miwani, anauliza kwa Kiingereza cha pole pole huku anajaza fomu. Je, mume wako anakunywa? Hapana. Amewahi kukupiga? Hapana. Una hofu yoyote akiwa na silaha nyumbani?

Jeannine akavuta pumzi. "Nilikuwa nayo," akasema. "Lakini amenionyesha. Siku saba, hakuna mkono mwingine ulioigusa. Mume wangu ni mwangalifu."

Kalamu ikashuka kwenye karatasi.

"Usiandike," Placide akasema.

Wanawake wote wawili wakamgeukia. Akaeleza yote, jasho linamtoka: Pitchou, koti, muuza machungwa, mama wa barabarani. Alipofika mwisho alishindwa kumtazama mkewe.

"Na wewe alikulenga?" Jeannine akauliza kwa Kiswahili.

"Hapa." Akagusa paji la uso.

Jeannine akaanza kulia, mbele ya polisi, bila kujifuta. Ofisa akavua miwani, akauliza kama maombi yaendelee au ayafute. Placide akasema afute, na sauti yake ilitoka imara kuliko alivyotegemea.

Walipofika nje Jeannine alisimama kwenye ngazi.

"Ungenyamaza, angeandika ndiyo," akasema. "Nilishasema."

"Nilijua."

"Na nilikuwa naamini kweli, Papa Héritière."

"Njo maana sikunyamaza," akasema Placide.