Upande wa Kulia

Nanasi lilikuwa bado mikononi mwangu waliponitoa garini. Mwanamke wa kando ya barabara, yule yule aliyetuuzia, alikuwa akinibandua kidole kimoja kimoja huku akisema maneno ya kwao ambayo sikuyaelewa. Nilimwambia ampe mume wangu kipande.

Siku nne kabla, nyumbani kwetu Katoyi, mjini Goma, tulikuwa tumegombana kwa sauti ya chini ili mtoto wetu Luc asisikie. Mama wa mume wangu Kasereka alikuwa mgonjwa huko Butembo. Kasereka alitaka tupite Kibati na Rutshuru, njia aliyoijua tangu utotoni, moja kwa moja hadi kwao. Mimi nilitaka tutoke nchini kabisa: tuvuke Rwanda, tuzunguke Uganda, tuingie tena Kongo kwa mpaka wa Kasindi.

"Charline, mutu haombe muhuri kwa inchi ya wengine juu ya kuona mama yake."

"Na wenye bunduki ku njia, utabaambia ivyo?"

Mwaka uliotangulia binamu yake Sikuli alishushwa kwenye lori kule Rutshuru, na hatujapata hata shati lake. Nilimtaja Sikuli. Haikuwa haki, lakini nilimtaja, naye akaenda kutafuta karatasi za safari.

Rwanda tulipita tukishika kulia kama nyumbani. Baada ya mpaka wa Uganda ikabidi aendeshe upande wa kushoto, na kwa saa nzima aliukazia macho ule mstari wa katikati. Kisha akazoea. Hakuna kamba iliyokatiza barabara, hakuna aliyetuamuru tushuke. Niliona mabega yake yakilegea. Nikajisifu moyoni kwamba nimemwokoa.

Tukasimama kununua nanasi. Tulipoondoka barabara ilikuwa tupu, jua limetanda juu ya migomba, naye akashika upande wa kulia, upande wetu, ule wa Goma. Nimekwisha rudi Katoyi, Luc ameanza sekondari, na hili bado sijamwambia mtu: niliona. Niliona wala sikushtuka, kwa sababu hata mimi nilihisi tuko mahali petu. Lori lilitokea kwenye kona, likiwa upande wake halali.

Nilimfikisha Butembo ndani ya sanduku. Mama yake, yule tuliyekuwa tunaenda kumwona kabla hajafa, aliinuka kitandani akamsindikiza mwanawe hadi kaburini kwa miguu yake mwenyewe. Hakuna aliyenilaumu. Ndugu walisema nilifanya vizuri kuikwepa Rutshuru, kwamba basi ilikuwa siku yake tu. Kila mmoja alipolisema hilo niliinamisha kichwa, nao wakadhani ni shukrani.

Siku ya tatu, asubuhi, mama aliniita nikae naye jikoni.

"Mutoto yangu, aliogopa?"

"Hapana, mama. Alikuwa anacheka."

Uso wake ukafunguka. Akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

"Alikuwa anacheka nini?"

Nikafungua kinywa. Niliyaona meno yake, niliuona mkono wake ukipiga usukani kwa kicheko, nilisikia hata kisu changu kikikwaruza ganda la nanasi. Neno lenyewe, lile lililomchekesha, sikulipata.

Uani watu walikuwa wakishusha turubai la matanga na kukusanya viti. Mama hakuniharakisha. Aliendelea kunishika mkono, akingoja.